Kulala na magunia: aina tatu za nyumba-ghala kwa shamba la pembezoni mwa Dar

Siku hizi wateja hawaniletei ramani, wananiletea picha kwenye simu. Banda kubwa la Kimarekani, mlango wa kuteleza, nusu trekta nusu sebule, na theluji kidogo pembeni. "Fundi, nataka hii hii, Mkuranga." Theluji tutaiacha hukohuko, namwambia, mengine yanawezekana. Halafu namuuliza swali ambalo hakulitegemea: utaweka nini humo ndani, na nani atalala karibu nacho?

Nasimamia ujenzi Chanika, Kigamboni, Kisarawe na Mkuranga, na maombi ya aina hii naona yanazidi. Mtu ana eka mbili tatu. Anafuga kuku wa mayai, au ana mikorosho ya urithi, au hununua mahindi wakati wa mavuno akasubiri bei ipande. Anahitaji ghala na anahitaji pa kulala, pesa ni moja. Akiona picha inayounganisha vyote, roho inatulia.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Msonge wa Wachaga uliwakusanya watu, ng'ombe, mbuzi na jiko chini ya paa moja la nyasi, na vyakula vikahifadhiwa juu, moshi ukivipitia. Kwenye tembe la Wagogo nafaka ilikaa humohumo ndani na wenye nyumba. Babu zetu walilala na mavuno na wakaamka salama. Tofauti ni kwamba wao walifukuza wadudu kwa moshi wa kuni na majivu. Sisi tumehamia kwenye gesi ya kupikia, na kwenye mahindi tunatia vidonge. Hapo ndipo picha ya kwenye simu inaponyamaza.

Vipimo vya kulinganishia

Anza na mzigo wenyewe, maana "ghala" ni neno pana mno. Mahindi, korosho ghafi, pumba na mashudu ya kuku, mbolea, dawa za kunyunyizia, dumu la petroli la pampu ya maji, kila kimoja kina tabia yake. Piga hesabu kabla hujamwita mchoraji. Tani 1 ya mahindi kwenye magunia hula karibu mita za ujazo 2. Magunia 100 ya kilo 100 ni tani 10. Ukiyapanga kwa kimo cha mita 2 yanakalia mita za mraba 10. Acha nusu mita kati ya magunia na kuta, acha njia ya kupita na pa kushushia, unapata chumba cha mita 4 kwa 5. Wengi hushangaa kilivyo kidogo. Waliokuja wakitaka ukumbi wa harusi wanaondoka na chumba na chenji.

Kipimo cha pili ni hewa, na hiki ndicho kinachonikosesha usingizi. Vidonge vya alumini fosfidi vya kufukizia nafaka vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inamfuata mdudu hadi ndani ya punje, kwa hiyo ufa wa ukuta, tundu la waya wa umeme na mwanya wa juu ya dari kwake ni barabara ya lami. Mtu akiivuta, hakuna dawa mahsusi ya kuiondoa mwilini. Utasikia watu wakisema ina harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, kwa hiyo wataijua. Aliyelala hanusi.

Tatu ni joto na unyevu. Masika yetu huwa Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na katikati yake hewa ya pwani haikauki kabisa. Mahindi yanatakiwa yashuke hadi unyevu wa asilimia 13 hivi kabla ya kuingia ghalani. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi kavu, tikisa vizuri, iache itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ukiyaweka mabichi yataota ukungu, na ukungu ndio unaozaa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Na huko ni kukavu kuliko kwetu.

Nne ni wageni wasioalikwa: panya, dumuzi (mdudu anayetoboa nafaka) na mwizi. Tano ni pesa, hasa kama jengo linakubali kujengwa kwa awamu, maana wengi wetu tunajenga hivyo. Suala la kibali silihesabu kuwa kipimo kwa sababu linakuhusu vyovyote utakavyochagua. Kaulize halmashauri mapema kama kiwanja cha makazi kinaruhusiwa kuwa na ghala la biashara.

Ghala chini, makazi juu

Ukitaka kuona mtindo huu ukifanya kazi, tembea Mji Mkongwe wa Zanzibar au mitaa ya zamani ya katikati ya Dar: duka na stoo chini, familia juu.

*Mzigo.* Uzito unakaa ardhini, mahali pake. Jamvi la zege juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri linabeba magunia bila neno, na kirikuu inarudi nyuma mpaka mlangoni. Wapo wanaotaka kinyume chake, nafaka ipande juu ikwepe unyevu. Sakafu ya ghorofa ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Magunia ya kimo cha mita 2 yana tani nzima kwenye mita hiyohiyo. Ni mara tano au zaidi. Hilo aliseme mhandisi kwa mahesabu na saini yake, si fundi wala si mjomba wako aliyewahi kujenga Tegeta.

*Hewa.* Slabu ya zege inazuia gesi kuliko dari yoyote, mradi haina matundu. Kila bomba na waya unaopenya uzibwe pembeni. Hatari ni ngazi. Ngazi ya ndani inafanya kazi ya dohani, kila kinachofuka chini kinapanda vyumbani. Iweke nje, na mlango wa ghala utazame upande mwingine. Hata hivyo madirisha ya chini na ya juu yanabaki kwenye ukuta mmoja, kwa hiyo siku ya kufukiza familia ihame mpaka mtaalamu apime na kuwaruhusu kurudi.

*Joto na unyevu.* Juu mnapata upepo, chini magunia yanapata kivuli cha slabu. Kwa joto la Dar mpangilio huu ni mzuri. Ila angalia bafu. Nyumba moja Kigamboni bafu liliwekwa juu ya ghala kwa sababu "bomba linapita kirahisi". Kiungo kikavuja kidogo kidogo, hakuna aliyeona kwa sababu tone lilikuwa linaangukia katikati ya magunia. Yalipofunguliwa, mahindi yalikuwa yameota. Bafu, choo na jiko vikae juu ya kibaraza, visikae juu ya mzigo. Na kama eneo ni la bondeni, inua msingi, kwa sababu maji ya masika yakiingia yanaanzia kwenye mali.

*Wageni wasioalikwa.* Mwizi utamsikia akigusa mlango. Panya pia utamsikia, ila yeye hatajali.

*Pesa.* Hapa pagumu. Nguzo, nondo, slabu, mhandisi, vyote vinatakiwa karibu kwa mkupuo. Ukiishia slabuni ukisema utapandisha mwakani, maji yanasimama juu yake na nondo zilizochomoza zinakula kutu, tena upesi kama bahari iko jirani.

*Inamfaa* mwenye kiwanja kidogo, kile cha mita 20 kwa 20, mwenye fedha za kumaliza alichoanza, na ambaye magoti ya waliomo nyumbani bado yanaelewana na ngazi.

Paa moja, ukuta katikati

Hii ndiyo picha ya kwenye simu. Jengo moja refu la fremu za chuma au tofali, bati juu, upande mmoja ghala, upande mwingine vyumba viwili na sebule.

*Mzigo.* Hakuna linaloishinda kwa urahisi. Mlango mpana, gari linaingia lote ndani mvua ikinyesha, makuli wanashusha bila kulowana. Mwaka huu una magunia mengi, mwakani una vifaranga, unasogeza mambo tu. Lakini gari likiingia, lizimwe. Jenereta nayo ikae nje kabisa. Moshi wake una kaboni monoksidi, na hiyo haina hata harufu ya kukushtua.

*Hewa.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nyumba hizi zinapoharibiwa, na zinaharibiwa na mazoea yetu ya kawaida tu ya ujenzi. Nyumba ya kawaida ya Dar, kuta za ndani zinaishia kwenye lenta. Juu yake kuna kenchi, chini ya kenchi inafungwa dari ya jipsamu au mbao. Ukipanda darini utaona vyumba vyote vinashiriki nafasi moja kubwa ya giza. Kwa nyumba ya kuishi pekee haina neno. Kwa nyumba yenye ghala, nafasi hiyo ni uchochoro wa gesi, vumbi la pumba, panya na, Mungu apishe mbali, moto. Umejenga ukuta wa inchi 6 kati ya kitanda na magunia, halafu umeuruka kwa juu.

Kwa hiyo ukuta wa katikati uende mpaka ugonge bati, na mwanya unaobaki kwenye migongo ya bati uzibwe kwa zege. Plasta pande zote mbili, maana tofali tupu linapumua. Usiweke mlango ndani ya ukuta huo. Najua mvua inanyesha, najua mama hataki kuzunguka nje kufuata unga. Jenga baraza refu mbele lenye paa, muingie ghalani kwa nje. Nimebishana na wateja kuhusu mlango huo kuliko kitu kingine chochote, na waliokataa kunisikiliza nawaambia jambo moja tu: basi vidonge visiingie kwenye nyumba hii maisha yake yote. Tumieni mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS. Ikifungwa vizuri wadudu hukosa pumzi na kufa bila dawa yoyote.

*Joto na unyevu.* Bati peke yake saa nane mchana Februari ni kikaango. Elekeza urefu wa jengo mashariki hadi magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Acha matundu ya hewa chini na juu, na yale ya ghala yafunikwe kwa nyavu za chuma na yaweze kuzibwa. Bati jeupe au la rangi nyepesi linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Na usitarajie kusikilizana kwenye simu masika yakipamba moto.

*Wageni wasioalikwa.* Dumuzi, ambaye wakulima wengine humwita Scania, alianza kuonekana nchini Tabora miaka ya mwanzo ya 1980. Watu wanamjua kwa mahindi na makopa ya muhogo, lakini meno yake yanaweza mbao pia. Kenchi za mbao juu ya ghala zinaweza kumpa maficho magunia yakishaondoka, asubiri mavuno mapya. Kwa upande wa ghala napendelea chuma. Mchwa wa chini nao watiliwe dawa kabla ya jamvi kumwagwa, baada ya hapo ni majuto.

*Pesa.* Kwa kawaida ndiyo nafuu kuliko zote tatu kwa eneo lilelile, msingi mmoja, paa moja. Na inakubali awamu: funga paa lote, maliza chumba kimoja, hamia, mengine yatafuata.

*Inamfaa* mfugaji wa kuku ambaye stoo yake ni ya chakula kinachoingia na kutoka kila wiki, kisichohitaji kufukizwa. Pia mwenye mashine, vifaa na mazao ya muda mfupi. Asiyefaa ni mfanyabiashara wa nafaka wa kuhifadhi miezi mingi kwa vidonge, hata kama picha imempendeza vipi.

Mbalimbali, na kipenu katikati

Nyumba huku, ghala kule, na katikati yake paa la wazi linaloviunganisha. Kwa mbali bado linaonekana jengo moja, hivyo hata mpenzi wa picha za kwenye simu anaridhika.

*Mzigo.* Kipenu kinageuka kuwa chumba muhimu kuliko vyote. Pa kuegesha, pa kukaushia mvua inapotishia, pa kubangulia, pa kukaa jioni. Wateja huniambia baadaye kwamba huko ndiko wanakoishi hasa.

*Hewa.* Salama kuliko zote tatu, na sina ubishi hapo. Kusi hutoka upande wa kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Ukiweka ghala magharibi mwa nyumba, muda mwingi wa mwaka upepo unatoka kwenye nyumba kwenda ghalani. Usiku hugeuka kidogo ukaelekea baharini, kwa hiyo madirisha ya vyumba vya kulala yasitazame ghala. Na usiku wa kufukiza bado uliza mtaalamu kama mnaruhusiwa kubaki. Viuatilifu vinasimamiwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania; tafuta mfukizaji anayetambuliwa, usimtume kijana dukani.

*Joto na unyevu.* Kila jengo linatengenezwa kwa mahitaji yake. Wapo wanaotaka kuokoa kwa kuweka kontena badala ya ghala. Kwa majembe, pampu na mabomba, sawa. Kwa nafaka, hapana: mchana linachemka, usiku linapoa haraka na dari ya chuma inatoa jasho, na jasho linadondokea magunia.

*Wageni wasioalikwa.* Udhaifu wake uko hapa. Mwizi ana nafasi ya kufanya kazi bila kukuamsha. Taa na kufuli nzuri ni lazima, na mbwa pia, kama mnaelewana naye.

*Pesa.* Misingi miwili, paa mbili, na kipenu juu yake. Ila awamu zake ni safi. Jenga ghala kwanza, nyumba ije baadaye, kipenu mwisho.

*Inamfaa* mwenye eneo la kutosha, anayehifadhi nafaka kwa biashara au anayeweka mbolea na dawa za shamba kwa wingi.

Ukirudi kwenye hali yako

Kama una magunia kumi, ishirini ya kula nyumbani, hujahitaji ghala bado. Chumba kikavu, chaga za mbao chini, mifuko ya PICS, basi. Pesa iliyobaki chimbia kisima.

Kiwanja chako ni kidogo Chanika, una watoto na kuku mia tano: linganisha ya kwanza na ya pili kwa mfuko wako. Ukiwa na ya kumaliza ghorofa, nenda juu, watoto walale mbali na vumbi la pumba. Kama huna, paa moja litakutosha, ukuta ukipanda hadi batini.

Wastaafu wanaohamia shambani nawatoa kwenye ghorofa mapema, hata wakisema bado wana nguvu. Wakiwa na korosho au ufuta wa kuuza msimu uleule, paa moja lina raha yake, kila kitu kiko karibu. Wakiwa na mpango wa kuweka mahindi mpaka bei ipande, mbalimbali.

Wanaofuga na kuhifadhi nafaka kwa pamoja hunipa kazi zaidi. Mmoja tulimalizia kwa kuchanganya: paa moja kwa nyumba na stoo ya chakula cha kuku, halafu ghala dogo la mahindi upande wa magharibi, peke yake. Ramani haikupendeza sana, lakini yeye analala.

Wale wa kuja Jumamosi na kuondoka Jumapili wanadhani swali langu la nani atalala karibu na nini haliwahusu. Nikiangalia ramani zao naona sebule nzuri, chumba cha wageni, na kule mwisho, kimebanwa na ghala, chumba cha mita 2 na nusu kwa 3, hakina hata dirisha la pili, kimeandikwa "mlinzi". Vidonge vikitiwa Jumapili jioni na tajiri akarudi zake Mbezi, anayebaki na magunia yale usiku kucha ni mlinzi. Siku hizi nikipewa ramani naanza na chumba hicho, nakihamisha kwanza, ndipo tunaanza kuzungumza habari za mlango wa kuteleza.